Fundi Ajaye

Magari ya Mgeta huacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, jirani na Mzumbe, na kuanza kuutafuta mlima. Kutoka hapo hadi Langali, kisha Nyandira, na kwa wenye roho ngumu hadi Tchenzema chini ya Lukwangule, gari hupanda zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Ni kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine bonde na matuta ya mboga yaliyochongwa mlimani. Linapanda na mbolea, saruji, mabati, soda na abiria. Linashuka na kabichi, karoti, njegere, viazi na matunda ya nchi ya baridi, kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam.

Anayetazama kwa mbali husema afadhali, mzigo mkubwa unashuka, mlima wenyewe unamsaidia dereva. Fundi hasemi hivyo. Gari likipanda, injini inahema kwa gia ndogo muda mrefu, mwendo ni wa mtu anayetembea, na upepo unaoingia kwenye rejeta ni haba. Likishuka limejaa, injini ndiyo breki. Inazungushwa na magurudumu kwa kasi bila kuchoma mafuta ya maana, na chuma kilichokuwa kinaunguza mkono sasa kinapoa haraka ndani ya ukungu. Joto na baridi, safari baada ya safari, mwaka mzima, masika na kiangazi. Tena hewa ya juu ni nyepesi. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Pampu ya dizeli iliyopimwa pwani ikifika huku hutoa mafuta yaleyale kwa hewa pungufu. Kinachobaki hakijaungua hutoka moshi mweusi, au hubaki kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyopaswa kuilinda ringi.

Ndiyo maana injini ya dizeli hufunguliwa mapema zaidi Mgeta kuliko tambarare, na ndiyo maana kule kuna watu wanaojua kuifungua. Nimeitazama kazi hii kwa karibu, na kila ninapoitazama naiheshimu zaidi. Kufumua injini kukuu, kuiondoa kwenye gari, kupima kilicholiwa na kilichobaki, kuamua ifufuliwe au nyingine iletwe, kisha kuifunga tena ikakubali kuwaka: hiyo ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya mikono. Na fundi aliye bora ndani yake namtambua kwa jambo moja. Anafunga injini akimfikiria fundi mwingine, asiyemjua, atakayeifungua baada yake.

Kazi huanza kwa kutofungua. Mwenye gari huja ameshaamua kwamba injini imekufa, maana jirani yake kamwambia, na mara nyingi kaja na fedha mkononi. Fundi wa Nyandira ninayemzungumzia, mzee mwenye gereji isiyo na ukuta, hakugusa spana siku ya kwanza. Aliliwasha gari asubuhi likiwa baridi, akasimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe unaosumbua macho ukikata baada ya dakika chache, dizeli haikuungua sawasawa kwa ubaridi. Usipokata, na maji ya rejeta yanapungua, maji yameingia pasipo pake. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na dawa yake pengine ni nozeli na filta tu. Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu, akafumba macho. Pumzi hafifu ni ya kawaida. Pumzi inayokisukuma kiganja kwa mapigo, pa, pa, pa, na kuacha matone ya oili kwenye ngozi, ni ringi zilizochoka: mlipuko unaopaswa kuisukuma pistoni unapita pembeni yake.

Nimeshuhudia mwenye lori akirudishwa nyumbani na bili ya nozeli tu, ilhali alikuwa radhi kulipia injini nzima. Fundi anayejua kukataa kazi kubwa kwa sababu ugonjwa ni mdogo amekwisha kupita nusu ya ufundi.

Gari nililolifuatilia mwanzo hadi mwisho lilikuwa Land Rover 109 ya zamani, likiwa bado na injini yake ya dizeli ya silinda nne, ile ya sentimita za ujazo 2,286 iliyoanza kutengenezwa 1961. Ni injini ya nguvu za farasi 62 hivi, ndogo kwa mlima kama huu, lakini hubana hewa mara 23, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata moto wa kuwasha dizeli bila cheche yoyote. Rudolf Diesel alilithibitisha wazo hilo Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na mpaka leo kila injini ya dizeli inaishi au inakufa kwa kubana hewa. Hewa ikipata pa kutorokea, iwe kwenye ringi, kwenye valvu au chini ya gasketi, hakuna cha kuwasha mafuta. Kazi yote ya fundi ni kuziba njia za kutorokea bila kuzuia chochote kinachopaswa kuzunguka.

Kushusha injini kulichukua asubuhi moja. Boneti likatolewa, rejeta pamoja na fremu yake ya mbele, betri, nyaya, mipira ya maji, mabomba ya dizeli. Magogo matatu ya mkaratusi yalisimamishwa yakafungwa juu, cheni bloku ikaning'inizwa. Kijana aliyekuwa akisaidia ni mpwa wa fundi, mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, basi si ajabu ufundi nao ukateremka kwa njia ya mjomba. Kila bolti aliyoifungua kijana aliirudisha palepale kwenye tundu lake, nyuzi mbili tatu, ikakaa. Nilidhani ni tabia ya unadhifu. Kumbe bolti za injini hii zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hupasua bloku au hufika chini kabla ya kukaza. Ukiirudisha mahali pake huhitaji kukumbuka kitu. Hata ukifa kesho, mwingine ataifunga.

Injini ikiwa juu ya meza ya mbao, hedi ikatolewa, sampu ikatolewa, na kazi ikapungua kelele. Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote. Fundi alipapasa ukuta wa silinda kwa ukucha, kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo wa silinda ukucha ukakwama kwenye ngazi ndogo, pale ringi ya juu inapofikia mwisho wa safari yake na kurudi. Juu ya ngazi hiyo chuma ni kile cha kiwandani, chini yake kimeliwa. Ukucha ulishasema. Hata hivyo alileta maikromita ya ndani, akapima juu, katikati na chini, kisha akaigeuza robo duara akapima tena, kwa sababu silinda haichakai ikabaki duara. Pistoni huegemea upande mmoja ikisukumwa na upande mwingine ikirudi, hivyo tundu huwa na umbo la yai. Kijana aliandika namba kwa chaki kwenye ubao. Kipenyo cha asili ni milimita 90.47. Silinda ya nne, iliyo nyuma karibu na kabini, ilikuwa imezidi wenzake wote.

Halafu konrodi. Kila konrodi ina kofia yake inayokumbatia kranki, na kofia hiyo ilichongwa kiwandani ikiwa imefungwa pamoja na konrodi ileile. Ukiihamishia konrodi nyingine, tundu haliwi duara tena, na beringi hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo kabla ya kufungua nati hata moja fundi hutafuta alama. Alipofuta oili kwa kitambaa tukaziona: vitone vilivyogongwa kwa ncha ya chuma, kimoja kwenye konrodi na kimoja kwenye kofia yake, viwili kwa viwili, vitatu kwa vitatu, vinne kwa vinne, vyote vikitazama upande wa kemshafti. Si alama za kiwanda, ambazo ni namba. Ni za mkono wa mtu. Vitone vilikuwa vidogo, vimepangwa kwa mstari ulionyooka, mahali ambapo havidhoofishi chuma. Fundi wetu hakumfahamu aliyevigonga, wala mwenye gari hakumjua, kwani alilinunua likiwa limepita mikono mingi. Mzee alivitazama kwa muda, akamwambia mpwa wake, "Huyu alikuwa fundi." Hakuongeza neno.

Kranki ilipelekwa Morogoro mjini kwa wenye mashine ya kuchonga, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki kwa mkono. Kijana alisafiri nayo kwenye basi, imefungwa gunia, akiishikilia wima katikati ya miguu kama mtoto mgonjwa. Kranki nzito ikilazwa vibaya na kurushwarushwa kwenye mashimo yaweza kupinda kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha. Mjini waliipima wakakuta imeshawahi kuchongwa mara moja, saizi kumi, yaani robo milimita chini ya unene wa asili. Sasa iliteremshwa hadi saizi ishirini. Ipo thelathini, ipo arobaini, kisha chuma kinaisha. Kila kuchonga ni kutumia akiba ambayo hairudi, na fundi asiyejali huiruka ngazi moja ili kazi iwe rahisi kwake leo, akimnyang'anya mwenzake wa kesho nafasi ya mwisho. Wetu aliagiza kwa maandishi: ondoeni kinachohitajika tu.

Hedi ilibaki Nyandira, na hapo nilijifunza kipimo cha bei rahisi kuliko vyote nilivyoviona. Hedi za dizeli za injini hii zina tabia ya kupasuka kati ya kiti cha valvu na ile chemba ndogo ambamo dizeli huanza kuungua. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Fundi aliiosha hedi kwa mafuta ya taa, akaiacha inywe, akaikausha kwa kitambaa mpaka ikang'aa, kisha akasaga chaki akainyunyizia uso mzima kwa vidole, nyeupe, laini, sawasawa. Tukakaa kitako. Baada ya muda, kwenye silinda ya pili mstari wa kijivu ukaanza kujichora wenyewe juu ya weupe, mfupi kuliko ukucha. Ni mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa, yananyonywa na chaki. Alipima urefu wake, akatazama kama unafika kwenye njia ya maji, akaona haufiki. Hedi ikasamehewa, lakini akaichora picha yake kwa kalamu kwenye daftari, na ufa umewekwa mahali pake, ili siku ya kuifungua tena ijulikane kama umekua.

Swali la kufufua au kubadili lilikuwepo tangu mwanzo, na mwenye gari alilirudia kila alipokuja. Land Rover 109 nyingi za kwetu hazina tena injini zilizotoka nazo Uingereza. Zimewekewa za Isuzu, Toyota, Nissan, na zinapanda mlima kwa furaha ambayo ile ya asili haikuijua. Wala si uhuni wa gereji za uchochoroni: miaka ya 1980 kule Australia, Land Rover 110 ziliuzwa mpya zikiwa na injini ya Isuzu ya lita 3.9. Ninachosifu hapa ni namna kazi hiyo inavyofanywa ikifanywa vizuri. Injini ngeni haifanani matundu na giaboksi ya mwenyeji. Lazima ichongwe sahani nene ya chuma ya kuziunganisha, na shafti ya giaboksi iingie katikati kabisa ya flaiwili. Ikienda pembeni kwa unene wa karatasi, klachi itakata na beringi ya mbele italia ndani ya miezi. Sampu ya injini mpya lazima ikwepe difu ya mbele, ambayo kwenye Land Rover imekaa upande wa kulia. Miguu ya injini huchomelewa upya kwenye fremu, na uzito mpya hulala juu ya springi za zamani. Fundi aliyefikiri atachagua pia injini ambayo filta yake inapatikana Msamvu, Morogoro mjini, na atapitisha waya na mipira mahali ambapo mkono unafika. Asiyefikiri ataacha injini inayounguruma vizuri ambayo hakuna atakayeweza kubadilisha mota yake ya kuwashia bila kuishusha yote.

Kwa gari hili mzee alishauri kufufua. Bloku ilikuwa nzima, kranki ilikuwa na akiba, pistoni za saizi zilipatikana, na mwenye gari hakuwa mtu wa haraka. Kwa gari jingine angeshauri vingine. Nilimwuliza kama haoni ni kupoteza muda kuhangaika na chuma cha zamani hivyo, akanijibu kwa kunipeleka kwenye zile konrodi. "Aliyezifunga hakudhani zitaisha. Mimi niseme zimekwisha?"

Jibu hilo lilinipeleka mbali, hadi Kigoma, kwa sababu nchi yetu ina mfano mkubwa kuliko wote wa ufundi huu. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Götzen, kikaifungua tena yote, kikaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalifika Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli ya kati iliyokuwa imefika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Injini za meli hiyo, basi, zilipita chini ya milima ya Uluguru, hii hii ya Mgeta, zikiwa vipande. Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliandamana nazo kwenda kuziunganisha Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Meli ikaelea mwaka 1915, urefu wa mita zaidi ya 70. Julai 26, 1916, Vita Kuu ya Kwanza vikiwa vimewaelemea, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe kabla ya kuondoka Kigoma. Mwezi uliofuata Morogoro nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Amri ya kuzamisha waliitekeleza walewale walioiunganisha. Wangeweza kuvunja injini kwa nyundo na baruti, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walizipaka grisi nene kila mahali maji yangefika, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha taratibu chini ya maji. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa. Mei 16, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke uleule uliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, ndipo ikawekewa dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ikafungwa injini mbili za dizeli za MAN, kampuni ambayo chimbuko lake ni karakana ileile ya Augsburg ambako injini ya Rudolf Diesel ilifanikiwa.

Kila nikifikiria wale watatu wakipaka grisi kwenye mitambo waliyokuwa wakiiaga, naona kazi ileile ya aliyegonga vitone kwenye konrodi. Hawakujua nani angeiinua. Huenda angekuwa adui, na kweli alikuwa adui. Grisi ilipakwa hivyo hivyo, mpaka kwenye pembe zisizoonekana.

Na kubadili injini ya meli ni jambo zito zaidi ya la gari. Gari hufunuliwa boneti. Meli hujengwa injini ikiwa ndani, na sitaha hufungwa juu yake. Kuitoa ni kukata sitaha au kuifumua injini kipande kwa kipande na kukitoa kila kimoja mlangoni. Injini ya mvuke huzunguka polepole na kusukuma panga moja kwa moja. Dizeli ina haraka, huhitaji giaboksi ya kuipunguza ili panga lisikoroge maji bure. Kisha kuna kulinganisha shafti. Fundi wa meli huipima nafasi kati ya sahani mbili za kiungo kwa vipande vyembamba vya chuma, juu, chini, kushoto, kulia, na hurudia kipimo cha mwisho chombo kikiwa majini, kwa sababu mwili wa chombo ukiwa nchi kavu haukai sawa na ukiwa unaelea. Sahani nene ya Land Rover na kiungo cha shafti ya Liemba ni swali moja: vitu viwili vilivyoundwa mbali vitawezaje kuzunguka kama kimoja.

Nyandira, kufunga kulianza kranki iliporudi na silinda zikiwa zimechongwa kupokea pistoni za saizi. Kwanza valvu. Kijana alipaka dawa ya kusugulia kwenye ukingo wa valvu, akaibandika kijiti chenye mpira mwishoni, akakizungusha kati ya viganja kulia na kushoto, akiinua valvu kila baada ya mizunguko michache na kuigeuza kidogo ili isijitengenezee njia moja. Sauti huanza ya mkwaruzo, kisha hulainika. Alifuta, akatazama, akanionyesha: pete ya kijivu isiyong'aa, upana uleule mzunguko mzima, bila doa jeusi. Valvu nane, moja baada ya nyingine, kwanza dawa nzito, kisha laini. Mjomba wake alizifunga springi, akaigeuza hedi, akamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa, akaenda kunywa chai. Aliporudi alipitisha kidole chini ya kila valvu. Ya sita ilikuwa na unyevu. Kijana hakuambiwa kitu. Aliifungua mwenyewe akaanza upya.

Ringi nazo zilijaribiwa kila moja ndani ya silinda itakayoishi humo. Ilisukumwa chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na pengo kati ya ncha zake likapimwa kwa fila geji. Likiwa dogo mno, ringi ikipata joto itapanuka, ncha zigongane, ivunjike. Likiwa kubwa, hewa itatoroka. Palipobana, fundi alisugua ncha kwa tupa nyembamba mara mbili, akapima tena. Mapengo yalipangwa yasitazamane pistoni ilipoingia. Beringi zikapakwa oili. Kofia zikarudi, kitone kwa kitone. Baada ya kukaza kila kofia alizungusha kranki kwa mkono, na uzito ukaongezeka kwa kiasi kilekile kila mara. Siku uzito unaruka ghafla, alisema, hapo hapo ulipo ndipo pana kosa. Usiende mbele.

Hedi ikakazwa kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia. Valvu zikapewa nafasi ya robo milimita. Klipu za mipira ya maji zilikuwa mpya, bolti za hedi zilipakwa oili nyuzi, na uso wa bloku ulikuwa umekwanguliwa bila kuacha kipande cha gasketi ya zamani. Hakupaka gundi ya silikoni mahali ambapo gasketi inatosha. Gundi ni rahisi kwa anayefunga na mateso kwa anayefungua, na vipande vyake huanguka kwenye oili na kuziba njia.

Injini ilipandishwa jioni. Kabla ya kuiwasha aliuvuta waya wa kuzimia, akazungusha mota mara kadhaa bila dizeli kuingia, mpaka taa ya oili ikazimika. Kisha nati za mabomba ya nozeli zikalegezwa kutoa hewa, povu likatoka, halafu dizeli safi, zikakazwa. Ilishika mara ya pili. Moshi mweupe, kisha wa kijivu, kisha hakuna. Hakuiacha iungurume pale kwa saa nzima kama wengine wafanyavyo, maana dizeli mpya iliyoachwa bila mzigo huwahi kung'arisha kuta za silinda kabla ringi hazijakaa. Ringi hukaa kwa kusukumwa, na mlima wa Mgeta husukuma vizuri kuliko kitu chochote.

Ndani ya kifuniko cha valvu, mahali ambapo mvua haifiki, aliandika kwa rangi: kranki 20, pistoni 20, ufa silinda ya pili, mwezi na mwaka. Jina lake hakuliandika.

Mwenye gari alikuja asubuhi na dereva wake, kijana mwenye haraka ya gulio. "Shikamoo mzee. Naweza kushuka na mzigo leo?"

"Marahaba. Shuka na kabichi, usijaze. Kushuka tumia gia, usiweke fri. Kupanda usilazimishe gia kubwa, ukiona inahema teremsha. Mbolea panda nayo nusu. Saruji iache mjini mpaka urudi hapa nikaze hedi mara ya pili na kuangalia valvu."

"Safari ngapi, mzee?"

"Ukimwaga oili ya kwanza, ndipo uje. Na hiyo oili usiimwage njiani. Niletee kwenye ndoo niitazame."